Njoo na Kibovu

Jumamosi ya tarehe kumi na nne Agosti, mwaka 1982, jua likiwa bado halijapanda juu ya mabati ya Gerezani, Shaibu aliinua nyundo akampiga Isabela shingoni. Alipiga mara moja tu. Kipande cha aluminiamu kiliitika "ka!", kikaanguka mchangani, na maji ya rejeta yakamwagika yakalowesha ndala zake.

Siku hiyo ndiyo mambo yalipoharibika, lakini yeye hakujua. Alikuwa anapiga mluzi.

"Umeua?" Hamis, fundi mwenzake, aliuliza akiwa chini ya lori, miguu tu ikionekana.

"Nimejeruhi."

"Wallahi Mungu atakuuliza, Shaibu. Mji mzima watu wanasaga soli wakitafuta kifaa kizima. Wewe unacho kizima, unakivunja!"

"Funga domo, lisiingie mchanga."

"Mchanga nimeuzoea. Wazimu wako ndio unanishinda."

Isabela alikuwa gari. Gari la Kijerumani la mwaka hamsini na saba, aina ya Borgwadi, mgongo wa mviringo, rangi ya maziwa. Shaibu alilikuta Ilala likiwa banda la kuku. Kuku wanatagia kiti cha nyuma, jogoo ameukalia usukani kama dereva wa waziri. Mwenye nyumba alimwambia alichukue tu, mradi aondoke na mavi yake. Kampuni iliyolitengeneza ilikwisha kufa zamani huko Ujerumani, na watu wa Gerezani walicheka hadi wakashika mbavu. Maiti anafufua maiti, walisema.

Walisema hivyo kwa sababu walimjua. Shaibu Myao wa Tunduru alikuwa mtu wa arobaini na moja aliyekufa nusu. Nusu nyingine ilizikwa na mkewe Zamzam, aliyefia uchungu wa uzazi kwenye benchi la zahanati, akisubiri gari la wagonjwa. Gari lenyewe lilikuwapo. Lilikuwa juu ya mawe, nyuma ya zahanati hiyo hiyo, limekosa kipande kidogo cha kutosha kushikwa kiganjani. Dereva alisema kimeagizwa. Nani ameagiza, wapi, lini? Wakubwa. Siku ile ile Shaibu alipokuwa anarudi na sanda kwapani, magari matatu ya wakubwa yalimpita barabara ya Uhuru, mapya, vioo vimefungwa, yakamwachia vumbi mdomoni. Tangu hapo hakuna jambo baya lililomfika ambalo hakujua la nani. Mvua ikivuja, wakubwa. Sabuni ikikosekana, wakubwa. Jino likimuuma, wakubwa.

Ndipo akaapa kuwa atakuwa na gari lake mwenyewe, na hakuna atakayempenda tena atakayefia benchini. Kumbe apendaye hutafuta gari, na gari likamtafutia mpenzi.

Vipuri vya Isabela mji mzima vilikuwa duka moja tu, la mzee Ravindra, Mtaa wa Livingstone. Vilibaki huko tangu enzi za Waingereza, hakuna aliyevitaka. Na duka la Ravindra lilikuwa na sheria yake, imeandikwa kwenye kadibodi juu ya kaunta: NJOO NA KIBOVU. Ukitaka kipya, leta kilichovunjika, kilinganishwe, kibaki dukani. Bila kibovu hupati hata skrubu. Mzee aliweka sheria hiyo kwa sababu ya walanguzi, waliokuwa wakinunua vizima na kuviuza kwa bei ya kuruka.

Aliyelinganisha alikuwa Nayna, binti yake.

Vitu vidogo vilikaa kwenye droo za mbele, chini ya macho ya baba. Vya injini vilikaa stoo ya nyuma, na huko mteja aliingia na muuzaji, wavitazame kwenye mwanga wa dirisha. Nayna alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tatu. Mchumba wake wa kwanza alikwenda Uingereza akaoa huko huko, na tangu hapo kwao walimtazama kama bidhaa iliyokaa sana rafuni. Alikipokea kibovu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kifaranga, akakigeuzageuza, kisha akainua macho. Macho hayo, ndugu zangu! Shaibu aliyetazamwa na watu miaka yote kama tairi la akiba, akajikuta anaonekana.

Miaka mitatu walilinganisha vyuma. Kwanza walizungumza ringi na beringi. Kisha Zamzam. Kisha yule mchumba. Siku moja stooni vidole vyao vilikutana juu ya chujio la mafuta, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoa chake.

"Tutafunga ndoa bomani," Shaibu alimwambia siku hiyo. "Si msikitini, si hekaluni. Bomani. Unasemaje?"

"Isabela akiwaka nitakujibu."

"Nitakujulishaje, na baba yako hapo?"

"Uje usimame kaunta, useme mbele yake: gari langu zima. Maneno hayo tu. Mimi nitajua."

Basi sikilizeni ujinga wa mwanamume aliyeungua. Isabela aliwaka. Aliwaka wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo, akanguruma kama paka aliyeshiba samaki wa Feri. Na Shaibu hakwenda kusema. Alikwenda hadi kona ya Mtaa wa Livingstone, akarudi. Je, jibu likiwa hapana? Leo angalau ana swali. Kesho atakuwa na nini? Akavunja kishikio cha dirisha, akaenda kukibadilisha. Akavunja kitasa. Akavunja kioo cha taa ya nyuma. Kila mara alimwona, kila mara akarudi bila kusema.

Lakini juma hilo Kishor, kaka yake Nayna, alishika droo za mbele, na dada akapelekwa stoo. Ili kumwona sasa ilihitajika kitu cha injini. Ndiyo maana nyundo ikashuka juu ya shingo ya maji, kile kipande kinachokaa juu ya injini na kuvalishwa mpira wa rejeta. Kitu chepesi. Kilicho kizima kilikuwa dukani, kimoja, alikwisha kukiona.

Akakitia kibovu mfukoni, akaosha mikono kwa mchanga na majani ya mpapai, maana sabuni wakubwa walikuwa wameila, akaondoka.

*

Nje ya duka kulikuwa na lori. Wapagazi walikuwa wakitoa masanduku, moja baada ya jingine, na rafu ndani zilikuwa tupu kama fizi za kibogoyo.

"Shikamoo mzee," Shaibu alisema, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Marahaba, fundi." Mzee Ravindra alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo hajapata kukaa. "Umekuja siku ya mwisho. Nimeuza."

"Umeuza nini?"

"Duka. Lote. Amelinunua mkubwa mmoja, hata masanduku hakufungua. Atayaweka bohari."

"Ana gari gani?"

"Hana haja ya vipuri. Amenunua tu." Mzee alijifuta paji la uso. "Kesho usiku tunapanda ndege. Lesta, Uingereza. Kuna mtu huko, kafiwa na mke, ana nyumba na duka la nguo. Anamwoa Nayna."

Shaibu alishika ukingo wa kaunta. Mlangoni pa stoo, Nayna alikuwa akifunga kamba kwenye sanduku. Hakugeuka, lakini kamba ilisimama mikononi mwake.

"Keti, fundi," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Mimi si kipofu. Binti yangu alikuwa haimbi. Siku hizi anaimba stoo, siku unazokuja wewe. Wewe si mtu mbaya. Lakini niambie, ukioa kwangu, nani atakula nyumbani kwako? Ndugu zako au ndugu zangu?"

"Atakula mwenye njaa."

Mzee alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayeumwa. "Maneno mazuri. Mimi nimezaliwa mtaa huu, maiti ya babangu ilichomwa kwa mila yetu hapa hapa. Naondoka. Unadhani naondoka kwa kupenda? Nikimwacha mtoto mmoja nyuma, huko niendako nitasema nina watoto wangapi?"

Mkono wa Shaibu uliingia mfukoni, ukakigusa kibovu.

"Lakini sikufichi," mzee akaendelea, "nimekuzoea. Sanduku la Isabela lile pale, halijapigwa misumari. Kama una kibovu kitoe, Nayna akupe kipya. Bure. Chukua kama sadaka."

"Mpe, baba, mpe maskini!" Kishor alicheka kutoka juu ya ngazi. "Siku hizi anatuletea vishikio vya dirisha, kama mtoto anayeokota visoda. Fundi, hilo gari lako linakwenda au linaliwa na panya?"

Wapagazi wakacheka. Watu wa Kariakoo hucheka kwanza, huuliza baadaye.

Sadaka! Neno hilo lilimwingia Shaibu kama mwiba wa samaki kooni. Yeye aliyezika mke bila kuomba hata ubani! Mkono ukatoka mfukoni mtupu.

"Sina kibovu," akasema. "Sikuja kuomba. Gari langu zima."

Kamba ilianguka. Nayna aligeuka.

Shaibu aliyasikia maneno yake mwenyewe yakiwa yamekwisha toka, na hakuna mtego wa kunasia maneno. Uso wa Nayna ulifunguka taratibu, kuanzia machoni, ukashuka mashavuni, hadi midomo ikaachana. Miaka mitatu hakuwahi kumwona hivyo. Alikuwa mzuri hata ikauma.

"Zima?" Nayna aliuliza.

Bado palikuwa na nafasi. Angeweza kucheka, angeweza kusema natania, hiki hapa kibovu, lete kipya upesi. Lakini Kishor alikuwa ngazini anatazama, na macho ya Nayna yalikuwa yanamtazama kama mtu anayetazama mwezi wa Idi.

"Zima," alisema. "Linawaka."

"Hongera basi," Kishor alisema, akashuka, akachukua nyundo. Msumari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kila pigo Shaibu alilisikia kwenye paja, pale kibovu kilipolala.

Nayna alichukua jagi la maji kuwapelekea wapagazi. Alipompita mlangoni hakusimama, maneno tu yalisimama.

"Kesho saa tatu nitakuja Gerezani. Shangazi Urmila, anayenichunga, atakuwa hekaluni. Kabla ya saa nane tuwe Morogoro kwa dada yako."

"Nayna, ngoja..."

"Uliniuliza. Hilo ndilo jibu langu."

Harufu ya mafuta ya nazi na karafuu ikabaki, yeye akaenda na jagi lake.

*

"Umesema nini?" Hamis alitoka chini ya lori mzima mzima. "Rudia."

"Nimesema gari zima."

"Na kibovu?"

"Hiki hapa."

Hamis alikaa chini. Alimtazama rafiki yake kama mtu anayetazama nyumba inayoungua. "Mimi kusoma sikusoma," alisema, "lakini hata mbuzi anajua kamba yake inapoishia. Haya, simama. Tutafute."

Walitafuta. Mchomeleaji wa Mtaa wa Swahili aliwaonyesha mtungi wake: gesi imekwisha tangu mwezi wa sita, na anayegawa gesi anawapa wenye barua za wakubwa. Mwingine wa Keko alikuwa na gesi, hana fimbo za aluminiamu. Wangeweza kuyeyusha sufuria na kumimina shingo mpya kwenye mchanga, Shaibu alikwisha kumimina vitu vigumu kuliko hicho, lakini kuchonga na kutoboa kungewala siku mbili. Walikwenda hadi bohari karibu na bandari. Mlinzi alisema sanduku lipo, funguo anazo mkubwa, na mkubwa yuko Dodoma mkutanoni.

"Na basi?" Hamis aliuliza wakirudi.

"Tiketi za wiki nzima zimekwisha. Na Kishor akimkosa dadaye, stendi ndiko atakakokwenda kwanza. Nimpangishe foleni, aburutwe kwa nywele mbele ya watu?"

"Tuazime gari."

"La nani? Yote hapa yako juu ya mawe."

"Nchi hii hata mawe yana kazi," Hamis alisema.

Wakafunga jeraha la Isabela kwa vipande vya mpira wa baiskeli, wakapaka lami, wakazungushia waya. Shaibu alijua kwamba kiraka kile kingestahimili injini ikiwa baridi tu. Alijua kama anavyojua jina lake. Lakini mtu akishazama, hata jani analiita boti.

*

Jumapili alikuja amevaa baibui. Shaibu hakumtambua, mpaka alipoona viatu.

"Nimeazimwa na mama muuza vitumbua," Nayna alisema, akifunua uso. Alikuwa anahema, na kicheko kimemjaa kifuani kama maji kwenye ndoo. "Ameniuliza, mwanangu, unakimbia mume au unakimbilia mume? Nimemwambia vyote viwili."

"Karibu, shemeji," Hamis alisema, akitazama chini.

"Shemeji Hamis, mbona hunitazami? Nina pembe?"

"Naogopa kuona wivu, shemeji. Huyu mwenzangu wiki tatu hizi kila asubuhi anamwasha Isabela, tunakaa tunamsikiliza kama redio. Haya, mimi natafuta chai." Akaondoka haraka, kama mtu aliyeangusha sahani ya watu.

"Wiki tatu?" Nayna aliuliza. Lakini macho yake yalikwisha kuliona gari, na swali likamwanguka.

Hakuwahi kumwona Isabela. Alimjua kwa mifupa tu. Alizunguka taratibu, mkono wake ukiteleza juu ya bati la rangi ya maziwa.

"Kwa hiyo huyu ndiye mke mwenzangu."

"Mke mkubwa."

"Mkubwa kweli, ana makalio kunishinda." Akacheka. "Kioo hiki nilikitoa mimi. Kitasa hiki mimi. Kishikio hiki, ulikuja umevaa shati la bluu, kifungo kimoja hakipo. Shaibu, nimemtengeneza huyu bila kumwona!"

"Sisi wawili tumemtengeneza."

Alimtazama. Pale Gerezani, katikati ya injini zilizopasuliwa na mapipa ya grisi, walitazamana kama watu waliofika. Shaibu alitaka kusema wakati huo. Aliufungua mdomo.

"Mwashe," Nayna alisema, akaweka mkoba wake kiti cha nyuma, pale kuku walipokuwa wakitagia, akaketi mbele, akakunja mikono mapajani. "Njiani utaniambia yote. Jumapili saa nane polisi wanafunga barabara kwa magari ya watu, eti kubana petroli; wasije wakatukamata Chalinze, tukaozeshwa na koplo."

Shaibu aliingia. Akageuza ufunguo.

Isabela aliwaka kwa mguso wa kwanza. Sauti ilikuwa laini, nene, ya chini, sauti ya mtu mzima anayemwimbia mtoto. Nayna aliziba mdomo kwa mkono. Machozi yalimtoka juu ya vidole.

"Anaimba," alisema. "Shaibu, anaimba! Twende. Twende upesi kabla sijaamka."

Aliondoa mguu kwenye klachi. Isabela alisogea, akapita lango la mabati, akafika barabarani. Wakapita nyumba tatu. Wakapita muuza kahawa aliyesimama kuwatazama. Kisha chini ya boneti pakalia kama chungu kilichovuliwa kifuniko, mvuke mweupe ukapanda kwenye kioo, na mbele ya macho yao dunia ikapotea.

Alizima injini. Kukawa kimya, isipokuwa maji, tii, tii, tii, barabarani.

"Ni nini?" Nayna aliuliza.

"Shingo ya maji."

"Imepasuka sasa hivi?"

Shaibu alitazama usukani. Nayna alishuka, akafungua boneti mwenyewe, akipunga mvuke kwa ncha ya baibui. Akaona mpira wa baiskeli. Akaona lami. Akaona waya. Aliporudi kwenye dirisha la Shaibu sauti yake ilikuwa ya kaunta.

"Ilivunjika lini?"

"Jana."

"Kabla ya kuja dukani, au baada?"

"Kabla."

"Ulisema gari zima, na kibovu kiko wapi?"

"Mfukoni."

"Mfukoni!" Alishika paa la gari. "Baba alikuambia kitoe. Sanduku lilikuwa wazi. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mikono mitupu!"

"Alisema sadaka, Nayna. Mbele ya Kishor. Mbele ya wapagazi."

"Ningekipokea mimi. Kwa mikono hii miwili. Sadaka ingekuwa ya nani?"

"Si mimi!" Shaibu alishuka, na uchungu wa miaka yote ukampanda kichwani. "Ni yule mkubwa! Mtu ananunua duka zima kama mtu anayenunua fungu la nyanya, anakwenda kufungia bohari, hata gari la kutia hana! Gesi ya kuchomelea, wanagawiana wao. Tiketi, wao. Barabara, wao. Sisi makabwela tunabaki na waya na lami. Wakubwa ndio..."

"Wakubwa walikuja Gerezani jana asubuhi?"

Mkono wa Shaibu ukaushika mfuko.

"Nipe kibovu," Nayna alisema, na akanyoosha mikono yote miwili, kama siku zote.

Alimpa. Nayna alikigeuza kuelekea jua, kama walivyokuwa wakifanya dirishani. Kidole gumba chake kilitembea juu ya aluminiamu, kikafika kwenye alama ndogo ya mviringo, inayong'aa, kikatulia hapo.

"Ni nyundo," alisema.

Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake, akaona hapana mteja, akasogea mbele.

"Vile vingine nilijua," Nayna alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Shaibu kuliko kelele. "Kitasa nilijua. Taa nilijua. Unadhani mtu aliyekulia kwenye vibovu hajui kilichovunjika na kilichovunjwa? Nimeviweka vyote. Viko kwenye sanduku langu la safari, chini ya sari za harusi. Nilikuwa nacheka peke yangu kitandani: yuko mwanamume mjini hapa anavunja gari lake kipande kipande ili anione. Nani mwingine ana mtu kama huyo?"

"Ndiyo, Nayna. Ndiyo hivyo hivyo. Hiki nacho nilitaka stoo ya nyuma tu, tuwe wawili..."

"Lakini gari linakwenda bila kitasa. Linakwenda bila taa, bila kishikio cha dirisha. Wewe ni fundi. Bila hiki linakwenda?"

"Haliendi."

"Na wiki tatu lilikuwa likiwaka. Hamis kasema. Wiki tatu ulikuja kaunta, ukanitazama, ukanunua kitasa, ukaondoka."

"Niliogopa jibu lako."

"Lipi?" aliuliza. "Hapana, au ndiyo?"

Shaibu alitafuta neno kama anavyotafuta skrubu iliyoanguka kwenye mchanga, akipapasa, akijua ipo, isionekane. Alimwona Zamzam benchini, kanga imelowa, akimwambia usijali, gari litakuja. Aliliona lile gari la wagonjwa juu ya mawe. Na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo hakuona mkubwa yeyote kando yake.

Nayna alifungua mlango wa nyuma, akachukua mkoba wake. Kitasa kililia vizuri, kipya, kimepakwa mafuta.

"Shangazi anatoka hekaluni saa nne," alisema. "Nikiwahi, hakuna atakayejua."

"Nayna, kesho kuna lori la kwenda Morogoro. Hamis anamjua dereva. Kesho..."

"Kesho nitakuwa Lesta." Alivuta baibui kichwani, lakini hakuufunika uso. Kibovu alikuwa nacho bado, amekikumbatia kifuani, na maji ya Isabela yalikuwa yakipita kati ya miguu yao yakielekea mtaroni. "Hiki nakwenda nacho. Sheria ya duka, kibovu kinabaki kwetu. Lakini nijibu jambo moja, Shaibu, nami nipande ndege nikilijua. Usiniambie wakubwa. Ulikivunja ili unione, au ulikivunja ili tusiende?"